Shamba la Wageni

Hebu niambie, wewe unayenisikiliza: ukipewa shamba, ukaambiwa ulilime, ulipande, ulipalilie, ulilinde na ndege, kisha mpunga ukishabeba mimba uwaachie funza waule huku unawatazama, ili mashamba ya jirani zako yapone, ungekubali? Usijibu haraka. Watu wa Isumbo nao hawakujibu haraka. Walitazama vidole vya miguu yao, wakakohoa, mmoja akakumbuka ameacha sufuria jikoni, mpaka mzee Andondile alipoinuka kwenye benchi la nyuma, akavua kofia yake ya ukindu, akasema apewe yeye, maana tangu azaliwe hajapata kumfukuza mgeni.

Watu walicheka, na kwa kicheko hicho shamba likapata jina. Kwenye karatasi za serikali liliandikwa shamba la hifadhi. Isumbo nzima waliliita shamba la wageni.

Hayo yalikuwa miaka sita nyuma, mbegu ya Ngao ilipofika Kyela. Ngao haikuwa mbegu kama hizi tuzijuazo. Wataalamu walichukua chembe ya urithi kutoka kwa kijidudu kinachoishi udongoni, wakaipandikiza kwenye mpunga, na mpunga ukajifunza kujitengenezea kinga ndani ya bua lake. Funza akitafuna mara moja, mara mbili, tumbo linamlegea, na kabla jua halijazama amekwisha. Mtu akila wali wake hapati neno. Ng'ombe akila mabua hapati neno. Bomba za kupulizia sumu, zile za kubeba mgongoni, zikaning'inizwa kwenye mapaa ya majiko, na buibui wakafuma nyumba kwenye mikanda yake.

Mkanda mmoja kati ya hiyo ulikuwa umechakaa bega la kushoto tu. Ulikuwa wa Syabumi, mke wa Andondile, aliyelibeba bomba misimu kumi na tisa akisema mume wake anapulizia kama mtu anayebariki maharusi, huku tone, kule hakuna. Kifua kilimshika taratibu. Alifariki mwaka mmoja tu kabla Ngao haijafika. Kwa hiyo Andondile alipoinuka siku ile, wengi walidhani anafanya mzaha kama kawaida yake, lakini mkwewe Tumpe, aliyekuwa amekaa mbele na kishikwambi chake mapajani, hakucheka. Yeye alijua kwamba ekari mbili alizozitoa mzee ndizo alizokuwa akilima Syabumi, na mbegu aliyokusudia kuipanda ndiyo aliyoiacha Syabumi kwenye kibuyu juu ya meko, mpunga wa zamani, mrefu, wenye harufu inayomwamsha mtu nyumba ya tatu.

Tumpe, ambaye kijiji kilimwita mama Ipyana kwa jina la binti yake, alikuwa bibi shamba wa Isumbo. Mume wake, Asagwile, mtoto wa Andondile, alishinda bandarini Itungi akitengeneza injini za meli, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi na mikono inayonuka mafuta. Basi mkwe na baba mkwe waliishi ua mmoja, nyumba mbili, na ndoo za maji zikipita katikati.

Na hapa lazima nikueleze jambo, usije ukashangaa mbele. Zamani kwao, mwanamke aliyeolewa hakukutana uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona njiani huingia migombani akainama mpaka apite. Enzi za Tumpe mambo hayo yalikuwa yamepungua, hakuna aliyekimbilia migombani tena, lakini yalibaki masalia, na kwa Andondile yalibaki hivi: hakumsemesha mkwewe moja kwa moja, wala mkwewe hakumsemesha yeye. Maneno yao yote yalipitia kwa mbwa.

Mbwa huyo alikuwa wa rangi ya vumbi, sikio moja limekatika, na jina lake Karani. Asubuhi Andondile angekaa kwenye kigoda, Karani akakaa katikati ya ua, na mzee akasema, "Karani, muulize mama Ipyana kama chumvi imekwisha huko kwake, maana mboga ya jana ilikuwa inatafuta." Na Tumpe, akiwa amempa mzee mgongo nusu, angemjibu Karani kwamba chumvi ipo, ila wazee wenye presha wameambiwa na daktari wapunguze. Karani alisikiliza pande zote mbili bila upendeleo. Miaka kumi na moja waliishi hivyo, na nikwambie ukweli, kuna nyumba ambamo watu husemeshana ana kwa ana na hawapendani robo ya hivyo.

*

Katikati ya shamba la wageni palisimama mlingoti wa chuma, na juu yake Jicho. Jicho liliwaka mwanga wa zambarau usiku, likawaita nondo, likamtambua kila mmoja kwa mpigo wa mabawa yake, likamhesabu na kumwacha aende zake. Kazi ya Tumpe ilikuwa kusoma hesabu kila Jumatatu asubuhi na kuipeleka kituo cha utafiti.

Nondo wa shamba la wageni walitakiwa wafike mia tano kwa wiki. Wakipungua hapo ilikuwa shida, na sababu yake Tumpe aliwahi kuieleza kwa akina mama, mwaka ule wa kwanza, wakiwa wanaanika kokoa. Aliwaambia kwamba kati ya funza maelfu, mmoja huzaliwa na ujanja wa kula Ngao asife. Huyo akikua akawa nondo, akakosa mwenzake wa kawaida, ataoana na mjanja mwenziwe, na watoto wao wote watakuwa wajanja, na Ngao itakuwa majani tu. Lakini akitoka akakuta mamia ya nondo wa kawaida waliolelewa kwenye mpunga wa zamani, ataoana na hao, na watoto wao wakiingia kwenye Ngao watakufa. Akina mama walifikiri kidogo. Kisha mama Gwamaka, jirani aliyelima Ngao ng'ambo ya mfereji, akasema kumbe mzee Andondile anawafugia funza wachumba, na tangu siku hiyo walilielewa somo hilo kuliko wataalamu wengine.

Waliolielewa hivyo ndio hao hao waliokuja kulivunja, na hiyo ndiyo ajabu ya hadithi hii.

Msimu uliopita hesabu ilikuwa mia tano na kumi. Tumpe aliona inashuka, akadhani ni mafuriko ya mto Mbaka. Msimu huu mzee alivimba mguu, akawa anatembelea fimbo, na Jumatatu moja ya mwezi wa nne, mpunga ukiwa unabeba mimba, Tumpe alifungua kishikwambi chini ya Jicho akakuta nondo arobaini na moja.

Alidhani Jicho limeharibika. Alipanda ngazi ya mlingoti, akalifuta kioo kwa upindo wa kitenge, akalijaribu kwa mkono, likafanya kazi. Akashuka, akaingia jarubani. Maji yalimfika kwenye mashavu ya miguu, ya uvuguvugu. Alianza kugeuza jani moja moja, akitafuta mayai ya nondo, yale yanayopangana kama magamba ya samaki mdogo. Hakuyaona. Alichokiona ni majani yaliyokatwa ncha, mamia, na mkato wake haukuwa wa panzi wala wa mdudu yeyote. Ulikuwa mkato wa kucha za binadamu, kidole gumba na cha shahada, vile watoto wote wa Isumbo walivyofundishwa na mama zao kuchuma mayai ya funza kabla Ngao haijazaliwa.

Jioni hiyo alimuuliza Karani kama kuna mtu anaingia shamba la wageni. Andondile alikuwa anajipaka mafuta ya mawese kwenye mguu. Alimwambia Karani amjibu mama Ipyana kwamba mtu mwenye mguu kama mhogo haendi kuchungulia mashamba. Tumpe aliona kwamba hilo halikuwa jibu la swali lake. Ila mkwe hamhoji baba mkwe mara mbili, hata kupitia kwa mbwa.

Kesho yake alivuka mfereji akaomba ruhusa kwa mama Gwamaka, akapasua mabua ya Ngao kwa wembe, moja baada ya jingine, akiwa amechuchumaa tutani. Bua la thelathini na mbili lilikuwa na unga wa manjano ndani, kama unga wa mbao iliyoliwa. Chini ya unga alilala funza. Alikuwa mweupe, mnene, kichwa cha rangi ya kahawia, na alipoguswa na jua akajikunja akatafuta njia ya kurudi gizani. Alikuwa mzima kabisa.

Mama Gwamaka aliinama akamtazama. Alikuwa ameishika sketi yake kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kuvuka mto.

*

Alfajiri ya Jumatano, mwanga ukiwa wa kutosha kutambua mtu kwa mwendo wake, Tumpe alijibanza nyuma ya banda la kukaushia kokoa, mahali anapoona shamba lote.

Wa kwanza alikuja Bi Tusajigwe, dada yake marehemu Syabumi, mwanamke wa miaka sabini ambaye kwa kawaida hulalamika magoti hata akitoka kitandani. Aliingia jarubani bila kulalamika, kikopo cha maziwa kimefungwa kiunoni, akaanza kukata ncha za majani na kuzitia humo. Vidole vyake vilikwenda upesi kama vya mtu anayepukusa mahindi. Baada ya kitambo akasikia kishindo, akachutama katikati ya mpunga mpaka kikabaki kilemba tu. Aliyekuja alikuwa mwalimu Lugano, mstaafu, suruali imekunjwa mpaka magotini, naye ana mfuko wa plastiki. Mwalimu alichuma upande wa kaskazini kwa mistari iliyonyooka kama daftari. Aliposikia mtu anakohoa mferejini, naye akachutama.

Wa tatu alikuwa mama Gwamaka.

Tumpe alitazama kilemba, upara na kanga ya bluu vikipanda na kushuka ndani ya mpunga, kila mmoja akidhani kishindo alichokisikia ni cha mpita njia, na jirani yake mwema amelala. Kicheko kilimpanda, akakizuia kwa kiganja, kisha kikageuka machozi. Aliwajua. Hawakuwa wajinga. Hilo jina la funza wachumba ni wao waliolitoa. Ila walipita kila siku tutani wakaona mpunga wa mzee mgane unatobolewa, masuke yanatoka meupe, makapi matupu, na mwenyewe yuko mlangoni na mguu wake, na mikono yao ikashindwa. Watu wa Isumbo wanaweza kukunyima kura, wanaweza kukusema kisimani mpaka sikio likuwashe, lakini kuliacha shamba la jirani liliwe huku una kucha, hilo hawakufundishwa.

Halafu akaona kitu kingine. Juu ya tuta, chini ya jani la mgomba, palikuwa na birika. Bi Tusajigwe alipomaliza sehemu yake alilifunua jani, akamimina chai kwenye kikombe cha bati, akala kipande cha mhogo, akafunika tena, akaondoka. Nusu saa baadaye mwalimu Lugano akafanya vivyo hivyo. Mama Gwamaka naye. Kila mmoja alikunywa harakaharaka, akitazama huku na huku.

Birika lile lilikuwa na mpini uliofungwa waya wa shaba. Tumpe aliufunga waya huo mwenyewe, mwaka juzi, kwa ajili ya baba mkwe wake.

*

Alimkuta Andondile kwenye kigoda chake, Karani miguuni. Tumpe hakukaa. Alimwambia Karani, taratibu, kwamba amewaona watu watatu, na ameliona birika.

Mzee alimkuna mbwa kwenye lile sikio lililokatika.

"Karani," akasema hatimaye, "mwambie mama Ipyana kwamba nilijua tangu mwaka wa tatu. Mwanzo alikuja shemeji peke yake. Nikajiambia, mikono miwili haimalizi nondo. Halafu wakaongezeka, na mimi nikazidisha maji kwenye birika."

Tumpe alimuuliza mbwa kama mwenye birika anajua maana ya arobaini na moja. Alieleza kuhusu funza wa bua la thelathini na mbili. Alieleza kwamba ripoti ya Jumatatu mwisho wake ni leo saa kumi, kwamba kituo kikiona arobaini na moja kitazuia mbegu ya Ngao kwa Isumbo nzima, na watu watarudi kwenye mapaa ya majiko kushusha bomba. Alisita, akamalizia na lile lililomkosesha usingizi: kwamba mbele ya arobaini na moja ukiandika tano tu, tarakimu moja, inakuwa mia tano na arobaini na moja, na hakuna mtu duniani atakayekuja kuwahesabu nondo mmoja mmoja kujua. Kijiji kitakula mwaka huu, na mwaka kesho. Mwaka wa tatu wajanja watakuwa wamejaa bonde zima, mpaka kwa watu ambao hawajawahi hata kusikia jina la Isumbo.

Kuku walipita katikati ya ua. Andondile alinyoosha mguu wake uliovimba, akauvuta.

"Karani," alisema, "mwambie aandike alichokiona. Syabumi alikuwa akificha kukohoa ili nisijue. Kilichofichwa ndicho kilichomuua, sumu ilimsaidia tu."

Tumpe alikwenda chini ya mlingoti, akaandika nne na moja. Mahali pa maelezo, ambapo kila Jumatatu aliandika kwamba hali ni ya kawaida, aliandika mistari kumi na nne, na humo akawataja wote, yeye akiwa wa kwanza, kwa kutotazama mapema. Kidole chake kilikaa juu ya alama ya kutuma muda wa kutosha kuchemsha yai. Kisha kikabonyeza.

Jibu la kituo lilikuja kesho yake. Halikuwa la ukali, ila halikuwa na mlango wa pembeni. Jaruba lenye funza mzima ling'olewe na kuchomwa lote. Mayai yasiguswe tena. Baada ya siku thelathini na tano Jicho lisomwe mara ya pili. Nondo wakifika mia tano, mbegu itatoka. Wasipofika, haitatoka.

*

Mkutano ulifanyika kwenye banda la kokoa, mchana, watu wakiwa wamekaa juu ya magunia. Tumpe alisoma jibu lote, kisha akaeleza alichokiona alfajiri ile, bila kutaja majina. Hakukuwa na haja. Bi Tusajigwe alisimama akasema yeye ni mzee, afe leo afe kesho, kosa ni lake peke yake, alikuwa anachuma mayai kwenye shamba la marehemu dada yake na asilaumiwe mwingine. Mwalimu Lugano akasimama akasema samahani, kosa ni lake peke yake. Mama Gwamaka akasema hapana, ni lake. Wakatazamana. Nyuma, mtu wa nne akanyanyua mkono. Halafu wa tano na wa sita, mtu na mkewe, ambao ilibainika walikuwa wakidanganyana kila Ijumaa kwamba wanakwenda kutega samaki.

Banda zima lilicheka mpaka Karani akabweka. Lakini kicheko kilipoisha kilikuwa kimewaacha palepale. Jaruba la kung'olewa lilikuwa la mama Gwamaka, robo tatu ya chakula cha nyumba yake. Alikaa akiitazama mikono yake, hiyo mikono iliyochuma mayai ya jirani ikawalisha funza shamba lake mwenyewe. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba mnaweza kuanza kesho, ila msichome upande wa upepo wa nyumba yangu, nina nguo zimeanikwa.

Waling'oa pamoja, watu thelathini, siku moja. Na hapo mwalimu Lugano alitoa shauri ambalo Tumpe alilipeleka kituoni, nacho kikalikubali: msimu ujao kila nyumba itaacha mistari kumi ya mbegu ya zamani pembeni mwa Ngao yake, kila mtu apokee wageni wake, asibebeshwe mtu mmoja. Mbegu itoke kwenye kibuyu cha Syabumi. Kuhusu miaka sita iliyopita, walikubaliana mzee alipwe magunia ya mpunga, au kitu kingine akipenda, wakamuuliza anataka nini. Andondile alimwambia Karani awajibu kwamba hataki kitu.

Siku thelathini na tano zilikuwa ndefu. Watu walipita tutani wameshika mikono nyuma kama askari, wasije wakajisahau. Bi Tusajigwe alihamisha njia yake kabisa, akazungukia kanisani. Mayai yakatagwa, yakaanguliwa, funza wakaingia mabuani. Masuke yakatoka meupe, eneo baada ya eneo, na upepo ukipita makapi yalilia kama karatasi. Alfajiri hakuna aliyekuja. Birika lilikaa tutani siku tatu za mwanzo limejaa mpaka shingoni, chai imeshika utando. Siku ya nne Tumpe aliona mzee amelirudisha ndani, akalipachika kwenye msumari.

Siku ya thelathini na tano Jicho lilisoma mia tano na ishirini na sita.

Habari ilivuka mifereji kabla Tumpe hajashuka ngazi ya mlingoti. Vuno lilipofika, mbegu mpya ikiwa tayari imeandikiwa Isumbo, watu walikumbuka deni la heshima. Mmoja mmoja, kila mtu kwa wakati wake, walipita kwa Andondile na kikapu cha mchele mpya wa Ngao, wakakitua mlangoni, wakapiga hodi, wakasema ndaga, shukrani kwa lugha ya kwao, wakaondoka upesi wasimsumbue mzee. Vikapu vikafika kumi na viwili. Andondile hakukigusa hata kimoja.

Tumpe aliviona asubuhi, akaviona mchana. Saa tisa alivuka ua. Mzee alikuwa jikoni kwake, ndani ya moshi, anapika. Mpunga wa Syabumi uliosazwa na funza ulijaza debe moja tu. Nusu yake alikuwa ameshatenga iwe mbegu, na nusu ameitwanga mwenyewe na mguu wake mbovu, ikawa juu ya mafiga, kwenye sufuria kubwa ya misiba na harusi, ile inayobebwa na watu wawili. Harufu ilikuwa imejaa ua wote.

Karani alilala kizingitini. Tumpe alimruka. Alisimama mahali ambapo kwa miaka kumi na moja hakuwahi kusimama, mbele ya baba mkwe wake, na ingawa shingo ilitaka kuinama, hakuiinamisha.

"Baba," alisema. "Umekataa magunia, umekataa vikapu. Unataka nini?"

Andondile aligeuka, mwiko mkononi. Macho yake yalimtafuta mbwa kwa mazoea. Karani alifumbua jicho moja, akalifumba. Basi mzee akamtazama mkwewe usoni, na Tumpe akaona kwamba macho yake ni ya kahawia isiyoiva, sawasawa na ya Ipyana.

"Mama Ipyana," alisema, "tangu hiyo Ngao ije, hakuna mtu anayemhitaji mwenziwe shambani. Mashine inapanda, mpunga unajilinda, kila mtu anavuna chake anakula kwake. Mimi nimekula peke yangu miaka saba. Walipoanza kuja kuchuma, nilikaa nyuma ya mlango nikawasikiliza wakinywa chai yangu. Nilijua wanaharibu. Nilinyamaza kwa sababu nilisikia vikombe."

Alifunika sufuria, akaupiga mwiko mara moja kwenye ukingo.

"Sikutaka wanichumie mayai, mwanangu. Nilitaka waje mchana, waje pamoja, wakae. Nenda kawaite. Waambie vikapu wavichukue, waje na sahani."